Mraba wa Kumi na Tisa

Wiki ya tatu, mvua ya Blaenau haijapumua,
nami nimejifungia chumba cha nyuma na printa
niliyoitapisha rangi zake zote,
manjano, samawati, ule wekundu wa harusi,
nikaijaza masizi.
Masizi matupu, ya daraja saba,
toka kijivu cha pumzi juu ya kioo
hadi weusi wa sufuria iliyosahauliwa jikoni.

Wasiojua hudhani nyeusi ni nyeusi tu.
Nyeusi ina ukoo.
Ipo yenye damu ya kijani, huigundui
mpaka uisogeze dirishani.
Ipo iliyochakaa ikaelekea kahawia,
chai ya mtu anayeishi peke yake.

Nachapa ngazi: miraba ishirini na mmoja,
toka karatasi tupu mpaka giza.
Nailaza ikauke, maana wino mbichi husema uongo.
Asubuhi napitisha kipimo, mraba kwa mraba,
mlio mdogo, tarakimu, nukta, tarakimu.
Juu kumetulia. Katikati kumetulia.
Kule chini ngazi imevunjika:
wa kumi na nane, wa kumi na tisa, wa ishirini,
yote mitatu imelala kitanda kimoja
chini ya shuka moja.

Napunguza wino, asilimia mbili.
Nachapa. Nangoja. Napima.
Tundu moja limeziba; nalizibua, anaziba jirani yake.
Karatasi ya pamba ina bei, na printa haina haya.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
na mimi cha kivulini nimekiinamia
hadi kiuno kikaniuliza ninatafuta nini.

Natafuta pembe ya kushoto
ya picha aliyopiga Ifan Pugh mwaka wa sitini na moja,
ndani ya mlima, kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea.
Taa moja. Wanaume wanne na mikate yao.
Na pembeni, weusi.
Dada yake, Morfudd, aliyepikia watoto wa shule miaka thelathini,
aliniletea negatifu ndani ya bahasha ya bili ya umeme.
"Itundikwe ukumbini," akasema. "Ifanye vizuri, Heledd."

Nikaifanya vizuri.
Alhamisi, saa nne usiku, ngazi ilisimama:
kumi na sita nukta mbili, kumi na nne nukta tisa,
kila mraba na shuka lake.
Nikachapa picha.
Weusi ule ukafunguka taratibu, kama macho yanapozoea chumba,
akatoka mwanamume wa tano:
koti, kifungo kimoja,
kiganja kimefunika mdomo.

Nilimkimbilia Morfudd bila mwavuli.

Akavaa miwani. Akavua. Akaifuta kwa aproni.
"Huyu baba," akasema.
Kisha, "Mrudishe."

Nikamwonyesha tarakimu. Nikamweleza habari za vivuli,
jinsi nilivyohangaika, karatasi nilizotupa.
"Alikaa kule kusudi," akasema.
"Kikohozi kilikuwa kimeanza. Siku zile
mwenye kukohoa alihesabiwa.
Ifan alijua. Ndiyo maana taa aliiweka kulia."
Akamimina chai. Hakusema zaidi.

Nikarudi kwenye jedwali
kuvunja ngazi niliyoijenga wiki tatu.
Tone kwa tone nikaongeza masizi,
koti likazama, kifungo kikazama,
kiganja kikakawia kidogo, nacho kikazama.

Sasa ipo ukumbini, karibu na mashine ya kahawa.
Watu huhesabu wanaume wanne, husifu mwanga,
hupita.
Morfudd husimama upande wa kushoto.

Sijamwambia, na sitamwambia:
kati ya koti na ukuta nimebakiza tofauti ya nukta moja.
Jicho haliioni.
Kipimo, ukikilaza pale, hulia.