Karatasi Nyeupe

Kabla hujalaumu jua, Tornike,
shika karatasi chini ya tawi, ligonge mara tatu,
kisha usipumue.
Vumbi hutulia. Utitiri hutembea.
Ukiusugua ukaacha mstari wa kijani, umekula jani letu.
Ule unaokimbia kama anayedaiwa, uache:
huo hula wenzake.

Sasa geuza asalea. Juu pamepauka vitone vitone,
kama kanga iliyorukiwa na jiki.
Chini, madoa meusi yanayong'aa.
Hapo mtafute mdudu mwenye mbawa za lesi;
utitiri hauna choo kikubwa hivyo.

Benchi la karibu na chemchemi linanata.
Usiwasingizie watoto na soda zao. Tazama juu:
vidukari wanakojoa sukari,
na sisimizi wamepanga foleni
utadhani siku ya pensheni.

Mzia wa hoteli alinipigia simu akilia.
Majani ya waridi zake yamekatwa duara, duara,
safi, kama kwa sarafu.
Bomba la sumu lilikuwa tayari mgongoni.
Nikamwambia, litue. Ni nyuki,
anachukua shuka za kitanda cha mwanawe.
Hakuniamini. Tulikaa saa nzima, kahawa ikapoa,
hadi akaja, akapanda ukingo wa jani,
akakata akizunguka, kama fundi cherehani,
akapaa na kipande amekikumbatia.
Mzia akasema tu:
"Lakini hakuomba."

Na mimi, mnayeniita daktari,
nilipita mbele ya mteashuri wa kanisa la kilimani,
nikaona nyuzi nyeupe ndani, nikasema, buibui.
Basi la saa sita lilikuwa linaondoka.
Sikuinama.
Wiki tatu, na viwavi wenye vichwa vyeusi
walikuwa wamemaliza majani, wanatafuna gome.

Hapa Kutaisi, Jumapili ya Matawi
hatushiki mtende; tunashika mteashuri.
Mwaka uliofuata mama mkwe wangu, Tsiala,
alibeba tawi la plastiki kutoka sokoni, bei bado imebandikwa.
Alinitazama kuanzia mlangoni mpaka madhabahuni.

Basi inama, Tornike. Magoti yatalalamika, yaache.
Fungua kichaka kwa mikono miwili
kama nywele za mtoto unayemtafuta chawa.

Na hiyo karatasi usiikunje.
Kile kitone cha pembeni,
ulichodhani ni wino,
kimesogea.