Oda ya Taa Moja, Kibuye

Bwana Wekhomba alinionyesha picha kwenye simu:
taa ya kioo, nyeupe, laini kama yai la bata.
"Nataka hii," akasema, "ila iwe ya kwetu."
Nikamuuliza kwetu wapi. Akacheka,
akaacha arubuni, elfu nne na mia tano,
na vipimo vya ukumbi wake wa kulia
nyuma ya risiti ya saruji.

Wiki nzima sikugusa msumeno.
Nilisimama penye mgunga nyuma ya karakana
nikimtazama mnana akifuma.
Hana rula. Ana mdomo,
na jike linalokuja kukagua, likavuta unyasi mmoja,
likaenda zake,
na kazi ya siku tatu ikabomolewa vumbini.
Anaanza tena.
Sijaona fundi mwenye subira hiyo
Kibuye yote, nami nikiwamo.

Nilichojifunza ni hiki: mlango wake uko chini.
Basi mwanga nao uteremke,
usimwagike kila upande kama maji ya ndoo iliyotoboka.
Ushukie sahani. Ushukie mikono ya walaji.

Gugumaji nililinunua Dunga, mafungu sita,
kwa akina mama wanaolianika juu ya mawe.
Likiwa bichi ni adui, hukaba injini, hufunga njia ya ziwa.
Likikauka hunyenyekea,
hushika rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni,
na ukilisokota lingali na unyevu
huukumbuka mkono wako.

Nondo ya milimita sita. Pete tano,
kubwa chini, ndogo juu, nikaziunga kwa fito.
Ondiek, anayenishikia waya, akarudi nyuma hatua mbili.
"Dada, hiki si kiota tena. Hii ni nyumba."
Na kweli.
Mikono ilikuwa imekwenda nyumbani
bila kuniaga.

Basi nikaimaliza kama nyumba inavyomalizwa:
juu ya paa, kijiti kilichochongwa ncha, osuri,
kinachosema mwenye boma yupo.
Nikakitoboa katikati, waya wa umeme ukapita humo.

Siku ya kukabidhi, mteja aliizunguka
mikono mgongoni, kama anayenunua fahali.
Akaipenda. Kisha:
"Na hiki kijiti? Futi nzima ya mti isiyo na kazi.
Kikate, taa ipande, wageni wasigonge vichwa."

Msumeno ulikuwa mezani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja
baba mdogo alipopanda paa letu kule Seme,
asubuhi, bila neno, akakivunja.
Nakumbuka mlio wake: mkavu, mfupi,
kama mtu anayevunja kuni za chai.
Kuta zilikuwa zile zile, udongo ule ule,
lakini tangu pale nikaiona
kama kitu kilichofunikwa nyasi, basi.

Hayo sikumwambia. Mteja hununua taa, halipii kilio.
Nilisema, "Hicho ndicho kinachobeba uzito."
Ondiek akatazama kando.
Anajua uzito umebebwa na nondo.

Sasa inaning'inia pale, chini kuliko alivyotaka.
Warefu huinama wakifika mezani,
kama mtu anayeingia nyumba ya watu,
na sauti zao hushuka, wenyewe wasijue kwa nini.
Darini pete tano za kivuli
hutikisika kidogo upepo wa ziwa ukiingia.

Salio bado. Juzi nilikwenda kulidai,
nikaambiwa bwana yuko benki, nisubiri.
Nikavuta kiti chini ya taa.
Sikuwa na haraka.