Kigingi cha Sita

Nilipigilia vigingi tisa ufukweni Kitunda,
kuanzia gatini hadi mkoko wa mwisho,
nikavipaka shingo kwa rangi ya kucha ya dada yangu
kwa kuwa ofisi haikuleta rangi.
Ofisi ilileta swali:
katika mchanga unaoondoka, wa boti ni kiasi gani?

Kiasi gani. Kana kwamba bahari hutoa risiti.

Nikahesabu. Alfajiri hadi magharibi, boti arobaini na moja,
kila moja na mkia wake:
wimbi la kwanza refu, la pili kali,
la tatu kama mdai, huja ukishamsahau.
Upepo nao una yake, madogo madogo,
yanatafuna bila kupumzika.
Ukiyatazama majini utayatenganisha.
Ukitazama mchanga, nani kala nini?

Kisha petroli ikaadimika.
Siku kumi na moja injini zikalala,
watu wakavuka Lindi kwa makasia, wakilaani.
Mimi peke yangu nilifurahi, kimyakimya, na futikamba yangu.

Ukingo ulirudi nyuma vidole viwili.
Siku kumi na moja za kabla: vitano.
Tatu katika tano ni za boti! Nusura nipige vigelegele,
nikakumbuka mwezi.
Siku zile nyingi zilikuwa za maji mafu;
bamvua lilikwisha kupita na zile za mwanzo.

Nikafuta. Nikaandika: kati ya theluthi na nusu.
Pembeni, kwa penseli: huenda.

Na katika theluthi hiyo nimo.
Usiku wa Ijumaa boti ya Mchopa ilivuka mbio na dada yangu,
kichwa cha mtoto kimeshaonekana.
Wimbi lake lilipiga kigingi cha tatu, likapiga cha nne.
Sikuliandika.
Niliandika baadaye, mtoto alipopewa jina.

Cha sita sikukiona tena.
Daftari linasema: kimechukuliwa na maji.
Jumatatu nimekikuta uani kwa Somoe Nangumbi,
shingo nyekundu vilevile, kimefungiwa mbuzi.
"Nilikikuta kimelala," anasema, "nikakisimamisha."

Nimefungua daftari. Safu ni tatu tu:
upepo, mwezi, boti.
Mbuzi ananitazama,
anatafuna.