Andika Nane kwa Penseli

Nesi Kadzo avuta kiti. Ana karatasi.
Damu yangu iko nje, yazunguka mpirani,
haina haraka, nami sina pa kwenda.
"Maswali machache tu, Bi Amria.
Sufuri ni siwezi kabisa, kumi ni naweza bila wasiwasi.
Una hakika kiasi gani
kwamba hutakunywa zaidi ya ulichopimiwa
ukishikwa na kiu?"

Nane,
nasema upesi, kama mtu aliyeulizwa kama ameswali.

"Ukiwa na wageni?"
Nyumba yetu ya Maweni haijapata kumwacha mgeni anywe peke yake.
Usiposhika kikombe chako, atakitazama chake mara mbili.
Sita. La, tano.

"Usiku wa joto, umeme ukikatika?"
Nalaza shavu sakafuni. Saruji ina ubaridi wake,
nainywa kwa ngozi.
Sijui hiyo ni ngapi.

"Ukiwa kazini?"
Nacheka hadi sindano yanikumbusha nilipo.
Mwanangu, miaka kumi na tisa nauza sharubati nyuma ya soko:
ukwaju, bungo, ndimu na tangawizi.
Nakamua, nachuja, naonja kwa ncha ya kijiko, natema.
Barafu yagongana jagini, koo laitikia.
Mteja akinywa namtazama shingo, si uso.

Nyumbani nina chupa ya mawaridi, marashi yalikwisha zamani,
nimeichora mistari kwa rangi ya kucha:
alfajiri na vidonge, adhuhuri, jioni.
Mstari ukiisha, siku imekwisha,
hata jua liwe utosini.

Ila kuna swali karatasi yako haina.
Udhu.
Nasukutua mara tatu.
Mara mbili natema.
Ya tatu, ulimi huiba.
Tone, wallahi, si funda.
Lakini mara tano kwa siku, hesabu mwenyewe.

Kadzo hahesabu. Atazama namba ya asubuhi:
kilo mbili na nusu tangu Ijumaa.
Mizani haijui nane, haijui wageni.
"Basi nikuandikie ngapi?"
Ile ya kwanza iache nane.
Andika kwa penseli.

Ainama, aandika, na kwa mguu
aisukuma chupa yake ya maji chini ya kiti,
taratibu, nisiione.

Imebaki nusu na kidole kimoja.
Nimeipima tangu alipokaa.