Mikroni Ishirini

Saa nane na nusu usiku, Přerov. Nje, digrii kumi na nne chini ya sifuri.
Nami nimeinamia kipande cha chuma
kisichozidi urefu wa kiganja changu.

Kina mfereji. Mwanzo wake una kina kisichofika unene wa unywele,
mwisho wake hauna kina kabisa.
Natia matone mawili ya buluu, nasimamisha bapa,
navuta kuja kwangu mara moja, bila kusita,
kama mtu anayefuta jina lake kwenye vumbi la meza.
Baada ya hapo nina sekunde kumi.
Rangi ikikauka, ushahidi nao umekauka.

Nalaza kichwa mpaka mwanga upige buluu ubavuni,
na hapo naziona, zimetokeza migongo
kwenye alama ya ishirini,
kama mawe ya mto Bečva maji yakipungua.

Tulitaka kumi.

Mashine ya leza, ambayo bei yake hutajwa kwa kunong'ona,
inasema sivyo. Inasema wastani ni moja nukta nane.
Imechora kilima laini kwenye skrini,
pembeni hakuna hata kichuguu.
Lakini tabia yake naijua: kabla ya kupima
huitikisa sampuli kwa mlio usiosikika,
mabonge yakapasuka, ndipo ikahesabu vipande.
Mama kamwogesha mtoto, kampaka mafuta,
kisha kamleta kwa mkaguzi wa usafi.

Na huo wastani, jamani!
Watu mia wamekula samaki, mmoja kakabwa na mwiba;
wastani unasema chakula kimeshuka vizuri.

Wanasema umoja ni nguvu. Waje huku kinuni.
Unga hufika ndani ya mifuko ukiwa umekumbatiana,
chembe elfu zimejifanya moja, hazitaki kusikia.
Kazi yetu ni kuzifarakanisha:
shanga za kauri, ndogo kama mbegu za mpopi za kwenye mkate,
zinazungushwa, zinagonga, zinasaga,
na kila chembe inayobanduka huvikwa upesi koti la gundi
ili ikipita karibu na mwenzake
isikumbuke undugu.

Koti likipungua, au muda ukipungua,
zinarudiana.

"Ctibor," nikamwita, "kinu umekizima saa ngapi?"
Akatazama viatu vyake. Vilikuwa vya buluu hadi kwenye kamba.
"Bomba la maji ya kupoza limeganda. Kinu kikawa cha moto.
Nimekatiza dakika arobaini. Sikuandika."

Sikumjibu. Nilikwenda chumba cha wanawake,
nikatoa kabatini mashine yangu ya kukaushia nywele,
tukalala chali chini ya bomba, mimi na yeye,
tukilipulizia joto kama mgonjwa,
huku Vlastimil akipiga simu kutoka ofisini:
lori linaondoka saa kumi na mbili, Zdislava, sahihi iko wapi?
"Bado."
Akapiga tena.
"Bado, bwana. Bado."

Maji yalipoanza kwenda, bomba lilikohoa.
Ctibor akacheka, akaacha kucheka, akawasha kinu.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Matone mawili. Bapa. Vuta.
Nalaza kichwa.
Safi, safi, safi, kisha vidoa viwili, cha tatu nakishuku,
kwenye kumi na mbili.

Kumi na mbili si kumi.
Si ishirini pia.
Lori linanguruma uani, moshi wake umesimama wima kwenye baridi.
Kalamu iko mkononi, fomu iko mezani,
Ctibor yuko mlangoni na hasemi kitu.

Nimepiga chafya. Leso imepata madoa ya buluu.
Hizo sasa ndizo zenyewe tulizokuwa tukizitafuta,
laini, kila moja peke yake,
ndogo kupita alama zote za chuma changu.