Kibandani

Nizwa. Ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kimekaza
mpaka vidole vimekufa ganzi.
Nimekaa nyuma ya kioo, kwenye kibanda cha mkalimani,
mbele yangu migongo mia mbili,
na ubani unaopanda mpaka kwenye nyaya.

Kazi yangu ni koo tu.
Neno linaingia sikioni kwa Kiarabu,
linatoka mdomoni kwa Kiswahili,
halipati nafasi ya kukaa.
Mkalimani haongezi, hapunguzi,
wala haulizwi yeye anaonaje.

Asubuhi ya kwanza nilifasiri kanuni za kongamano.
Kifungu cha nne: mshiriki asiguswe, asiandamwe,
mwili wake usifanywe mzaha,
asiulizwe analala chumba gani.
Wakapiga makofi.
Hayo sikuyafasiri, makofi hayana lugha.
Kisha ikapitishwa halwa.

Siku ya pili, saa ya kahawa, watu wote nje,
mimi nakunja waya,
na kipaza sauti kifuani mwa profesa
(yule wa vitabu saba, yule wa kiti cha mbele)
kilikuwa hakijazimwa.
Nikasikia kijiko. Nikasikia mtu akicheka peke yake.
Kisha:
"Mada yako nzuri, ila mwenyewe umeipita."
Kimya.
"Nafasi ya uzamivu iko mkononi mwangu.
Njoo tuizungumze juu. Mia tatu na kumi na mbili."
Kimya kingine, na ndani yake
pumzi za mtu anayehesabu milango.

Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza.
Peke yangu, kwa mazoea tu,
nilikuwa namfasiri.
Nilijisikia nikisema "njoo" kwa sauti yangu.
Nikauziba kwa kiganja.

Nikashuka. Nitamwita Mwanatumu, silo jina lake.
Alisimama kando ya birika, beji imegeukia ndani,
karatasi zake za falaj ya Manah
amezikunja kama bomba.
Maneno yangu mwenyewe sikuwa nayo,
nimezoea ya watu.
Nikasema: nimesikia.
Akavitazama viatu vyangu.
"Jina langu usilitaje. Nimetoka mbali,
na barua za kuniombea nafasi wanaandika hawa hawa."
Akanywa maji.
"Lakini yale maneno si yangu. Yataje."

Bi Samiha wa kamati akaniambia ngoja,
mgeni ni mgeni,
tutampelekea barua ya upole akishafika kwao.
Barua ya upole!
Na huyu binti aliyevuka bahari, yeye ni mwenyeji?

Alasiri taa ikawaka nyekundu, zamu yangu.
Kabla mzungumzaji hajafungua kinywa
nikakisoma tena kifungu cha nne,
kisha, bila jina, bila cheo,
maneno yale, mpaka namba ya chumba.
Kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza.
Sikuongeza. Sikupunguza.

Migongo mia mbili ikakaa wima.
Mmoja ukainama kutafuta kalamu sakafuni,
ukaitafuta muda mrefu.

Sisemi kwamba haki ilisimama.
Asubuhi yake kiti cha mbele kilikuwa kitupu,
ikasemwa ni tumbo.
Kamati ikabandika namba ya simu mlangoni,
na mtu wa kuipokea hata usiku wa manane.
Mimi Nizwa sijaitwa tena.

Lakini Mwanatumu aliisoma mada yake yote:
namna maji ya falaj yanavyogawiwa kwa kivuli cha kijiti,
mjane na zamu yake, shekhe na zamu yake,
na kwamba anayeng'oa jiwe la mfereji usiku
kwenye zamu ya mwenzake
haitwi mcheshi, haambiwi alikuwa anatania,
anaitwa mwizi.
Hapo, kwenye "mwizi", akasita,
akainua macho kwenye kioo changu.
Nikalifasiri polepole, neno moja,
nikaliacha likae.