Notisi

Toyota mia na kumi, nambari yake yaanza na KAH,
imenusa moshi wake miaka yote hii
kwa pua moja, nene kama kidole gumba,
iliyokaziwa kwenye ekzosi na mtu wa Japani
ambaye hajaonja hewa ya Shimanzi.

Sasa pua imekufa.
Taa ya injini yawaka rangi ya chungwa bovu,
na petroli, asema Bi Nyevu,
"yanywewa kama kwamba nyumbani tuna kisima."
Hukodisha viti vya plastiki, Bi Nyevu,
vya harusi na vya matanga, ndivyo hivyo hivyo.

Naingia chini, mgongo juu ya katoni ya sabuni.
Spana ishirini na mbili. Bismillahi.
Haiendi.

Nimeipaka dizeli na mafuta ya breki tangu jana magharibi.
Nimeigonga kichwani, polepole, ti, ti, ti,
si kuiumiza, kuiamsha tu.
Nimenguruma na injini dakika kumi, ekzosi ikapata moto,
nikakata waya, maana kurudi kazini hairudi tena,
nikatia soketi, nikavisha paipu kwenye mkono wa soketi,
Ngala akaning'inia kwa uzito wote wa ugali wa jana.
Paipu ikapinda.
Sensa ikakaa.

Chumvi hii. Chumvi ya hapa haili chuma tu,
hukiposa, hukioa, hulala nacho,
ukija kuwatenganisha hujui tena
nani mgeni, nani wa kwao.

"Toka," naiambia. "Toka, mwana wa watu, notisi nimekupa."

Na neno hilo lagonga bamba la gari, larudi,
laniangukia usoni pamoja na kutu.

Maana ninayo karatasi, mfukoni mwa ovaroli,
imekunjwa mara nne:
ploti imeuzwa, mafundi wote wahame
ifikapo tarehe thelathini.
Wa rangi, wa kuchomelea, Mama Dama wa chai, mimi.
Miaka kumi na tisa kwenye mchanga huu mweusi.
Mnunuzi alikuja na kijana wa kupima,
kamba ikapita juu ya sufuria ya Mama Dama,
na hakuna aliyemjibu.
Tuliinama tu.
Kila mtu akakaza alichokuwa akikaza.

Basi sensa hii naijua.

"Ngala, leta gesi."
Moto si kwa sensa yenyewe, moto ni kwa shingo,
pale inaposhikia, mpaka chuma kifanane na halua.
Kisha mshumaa: nta yagusa, yalia,
yanyonywa ndani ya hesi kama maji ya kwanza ya futari.
Kisha lile la Fundi Barisa, aliyenifunza
huku akinitukana: kitu kikikataa kutoka,
kikaze kwanza. Kidogo. Robu ya robu.
Kidanganye kwamba umekubali kikae.

Nakaza.
Nalegeza.
Nakaza. Jasho laingia jichoni, siwezi kulifuta.
Nalegeza.

Kriii.

Ngala acheka peke yake. Mimi sicheki,
nahesabu mizunguko, wa tatu, wa nne,
mpaka yaniangukia kwenye glavu, nyeusi, nzito kuliko nilivyodhani,
na meno mawili ya ekzosi yamenasa kwenye hesi zake.
Haikuondoka mikono mitupu.

Mpya iko kwenye boksi lake bado.
Nitasafisha njia, nitaipaka grisi ya shaba,
ili fundi atakayekuja kuitoa,
popote atakapokuwa amefukuziwa, asinilaani.

Lakini kwanza nakaa. Naitoa ile karatasi,
naikunjua juu ya boksi la spana,
naiweka ile ya zamani juu yake, isichafue.
Bado ina moto.
Karatasi yageuka kahawia, taratibu,
karibu na sahihi ya wakili.
Ngala aniangalia.
Siiondoi.